Kabla Hatujazitupa Kompyuta Zetu



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana hapa shuleni, mabwenini na hata katika baraza la wazazi, nalo ni habari ya kompyuta zetu. Inasemwa kwamba kompyuta 9 kati ya 20 zilizomo katika chumba chetu zimechakaa, kwamba hazifai tena kufundishia, na kwamba hapana dawa isipokuwa kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kuwaomba wazazi wachange fedha za kununua nyingine. Mimi sikubaliani na shauri hilo. Nitaeleza sababu zangu kwa urefu kidogo, kwa kuwa fedha zinazotajwa ni za wazazi wetu, na wengi wao huzipata kwa jembe.

Kwanza tukubaliane juu ya ugonjwa wenyewe. Kompyuta hizo 9 zinawaka vizuri. Lakini ukifungua ukurasa wa kuandikia, herufi unayoigonga hutokea baada ya kitambo. Kipanya hukwama kisha huruka kama panzi. Feni iliyo ndani huvuma toka asubuhi hata jioni. Na pale pa kutokea hewa pana joto la kutosha kukaushia leso. Haya yote hutokea hata kama mwanafunzi hajafungua kitu chochote. Neno hili la mwisho ndilo lililopaswa kutushtua tangu mwanzo. Mtu aliyeketi kivulini bila kazi akitoka jasho na kuhema, hatusemi kwamba ni mzee. Twauliza ana nini.

Muhula uliopita aliitwa fundi kutoka mjini. Hakuuliza wala hakupima. Alisema ni virusi, akafuta kila kitu kilichokuwamo ndani ya kompyuta zile, akatia Windows upya, akatia na draiva zote kutoka katika flashi yake moja, akalipwa, akaenda zake. Kazi za wenzetu wa Kidato cha Nne, walizokuwa wamezifanya kwa wiki nyingi, zilifutika pamoja na hao virusi wake. Baada ya siku mbili feni zikaanza kuvuma kama zamani. Ndipo likatoka neno la kwamba kompyuta ni kuukuu. Tazama jinsi hoja hii inavyokwenda: dawa haikuponya, basi mgonjwa ni mzee, na afe. Sijui ni mganga gani angeruhusiwa kusema hivyo mbele ya wenye mgonjwa.

Wasomaji wengi, hasa wazazi, watauliza draiva ni kitu gani. Neno hili ni ndugu wa neno dereva, tulilolizoea barabarani. Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote, lakini haijui lugha ya kibodi, wala ya kadi ya sauti, wala ya kile kidude kinachonasa mawimbi ya intaneti. Kila chombo kina namna yake kulingana na kiwanda kilichokitengeneza. Basi draiva ni programu inayokaa katikati kama mkalimani. Na mkalimani huyu amepewa heshima kubwa, kwa maana ameruhusiwa kuingia ndani kabisa mwa nyumba, pale ambapo programu za kawaida haziruhusiwi kukanyaga. Programu ya kuandikia barua ikikosea, hufungwa peke yake na mambo yakaendelea. Draiva ikikosea, nyumba nzima huyumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Marekani, waliandika mwaka 2003 kwamba katika Windows XP draiva ndizo zilizokuwa na lawama katika asilimia 85 ya maangamio yaliyoripotiwa siku hizo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa, chombo kikiwa na habari hakiingii tu ndani, hupiga hodi. Prosesa huacha kazi iliyokuwa ikiifanya, huweka alama mahali ilipofikia, humwita draiva wa chombo kile amsikilize mgeni, halafu huirudia kazi yake. Neno fupi hujibiwa palepale mlangoni. Neno refu huwekwa kando lifanywe baadaye kidogo. Katika kompyuta moja hodi za namna hii hupigwa mamia na maelfu kila sekunde, wala hazichoshi, kwa sababu kila moja humalizika katika muda unaohesabiwa kwa sehemu za milioni moja za sekunde. Mpango huu ni wa siku nyingi. Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1959 juu ya kompyuta iliyoitwa Electrologica X1, na sehemu kubwa ya shughuli yake ilikuwa kuandika programu ya kuzipokea hodi bila ya kompyuta kupoteza mahali ilipokuwa imefika. Wanafunzi wenzangu mnaochukia kusumbuliwa katikati ya hesabu mtamwelewa.

Taabu huanza kwa njia mbili. Ama mgeni hupiga hodi bila kukoma, kama mtoto aliyeona mlango mpya. Ama mkalimani humshika mwenye nyumba mlangoni kwa maneno marefu yasiyokwisha. Katika hali zote mbili mwenye nyumba harudi jikoni, na chakula kinaungua. Aliyeketi mbele ya skrini haoni mgeni wala mkalimani. Anaona uzito tu.

Waliotengeneza Linux, ambayo ni ndugu ya Windows kwa kazi ijapokuwa si kwa ukoo, waliliona jambo hili wakaweka sheria. Kama katika hodi 100,000 za mlango mmoja zaidi ya 99,900 hazikupata draiva wa kuzikubali kuwa ni zake, basi mlango ule hufungwa, na kompyuta huandika katika kumbukumbu zake kwamba hakuna aliyejali. Napenda sana sheria hii. Lakini haifai kitu pale ambapo draiva yupo, anaitikia kila hodi, naye ndiye mbaya. Huyo hana budi kutafutwa na mtu.

Je, kumtafuta ni kazi ya wataalamu wa Ulaya? Hasha. Chama chetu cha Kompyuta, kwa ruhusa ya mwalimu wetu na yeye mwenyewe akiwapo, kilifanya kazi hiyo kwa Jumamosi tatu, wala hatukutumia hata senti moja. Nitasimulia tulivyofanya ili mwenye kutaka aweze kufanya vivyo hivyo kwao.

Tuliwasha kompyuta tukaiacha robo saa bila kuigusa. Hili watu wengi hulidharau. Kompyuta ikiisha kuwaka huwa na shughuli zake nyingi za asubuhi, na ukiipima mapema utamsingizia asiye na hatia. Kisha tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hapo hufunguka daftari la Windows liitwalo Task Manager, lenye majina ya programu zote zinazofanya kazi na kiasi ambacho kila moja inachukua cha prosesa. Tulibonyeza kichwa cha safu ya prosesa ili mlafi aje juu. Kama mlafi ana jina la programu ya kawaida, tuseme kivinjari cha intaneti au kinga ya virusi, basi mambo ni mepesi, mfunge uone. Lakini katika kompyuta 7 kati ya zile 9 aliyekuwa juu aliandikwa "System interrupts". Hii si programu hata kidogo, wala si virusi, wala huwezi kuifunga. Ni mstari ambao Windows huutumia kuonyesha wakati uliopotea katika kuitikia hodi. Kompyuta ikiwa imetulia na ikiwa nzima, mstari huu kwa kawaida haufiki asilimia 1 au 2. Katika zile 7 ulisimama kati ya 24 na 27, na haukushuka.

Kiasi hicho chenyewe kilikuwa kinatueleza habari. Prosesa za kompyuta zile zina viini 4, yaani ni kama wafanyakazi 4 katika chumba kimoja. Robo ya 100 ni 25. Maana yake mfanyakazi mmoja alikuwa amesimama mlangoni kutwa nzima, na wenzake watatu wakimsubiri katika kila jambo lililompasa yeye. Mara nyingi hodi za chombo kimoja hupelekwa kwa kiini kimoja, kwa hiyo mtu akiona robo kamili katika prosesa ya viini 4, au nusu kamili katika prosesa ya viini 2, na ashuku kwamba kuna chombo kimoja tu kinacholeta fujo. Hii ni hesabu ya darasa la nne, lakini fundi wetu hakuifanya.

Baada ya hapo tulikwenda mahali paitwapo Device Manager, ambapo vyombo vyote vya kompyuta vimeorodheshwa, tukaanza kuvizima kimoja kimoja huku mwenzetu mmoja akiangalia Task Manager. Tulianza na vile ambavyo kompyuta yaweza kuishi bila navyo: kamera, sauti, bluetooth, kadi ya waifai. Mtu asithubutu kuzima diski, wala skrini, wala vile vilivyoandikwa kuwa ni vya mfumo, maana atajifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Ukizima kimoja usipoona tofauti, kiwashe tena ndipo uende kwa kingine, la sivyo hutajua ni kipi kilicholeta nafuu. Tulizima kamera, mstari haukutikisika. Tulizima sauti, vivyo hivyo. Tulipozima kadi ya waifai, mstari ulianguka kutoka 26 hadi chini ya 1, na baada ya dakika moja hivi feni ikanyamaza. Sikuwa nimepata kukisikia chumba kile kikiwa kimya. Tuliiwasha kadi tena, feni ikaanza tena. Tukaizima, ikanyamaza. Tulirudia mara tatu, kwa kuwa mwalimu wetu alisema jambo likitokea mara moja ni bahati.

Kisha tulitaka kujua ni kadi yenyewe iliyoharibika au ni draiva wake. Ziko programu za kusaidia katika kazi hii. Ipo LatencyMon, ambayo hupima kila draiva hutumia muda gani mlangoni na huandika jina la faili lake. Ipo na Process Explorer, iliyotoka katika kikundi cha Sysinternals, ambacho Mark Russinovich na Bryce Cogswell walikianzisha mwaka 1996 na Microsoft wakakinunua mwaka 2006. Hiyo hupatikana bure hata leo. Tuliyoitumia ilitutajia faili la draiva wa waifai bila kusitasita. Tulipoangalia tarehe na toleo la faili hilo tukaona si lile ambalo kiwanda cha kompyuta zile kimelitoa kwa aina ile, bali ni la kadi nyingine inayofanana nayo. Lilitoka wapi? Katika flashi ya fundi. Kompyuta zote 7 ni za aina moja, zilikuja shuleni siku moja katika maboksi yanayofanana, na zote zilipewa dawa ileile. Kwa hiyo si ajabu kwamba ziliugua ugonjwa uleule kwa kiasi kilekile. Uzee hauji hivyo. Wazee 7 hawaanzi kukohoa saa moja.

Tulimtoa draiva yule, tukamtia aliyetolewa na kiwanda kwa ajili ya aina ile ya kompyuta, na mstari ukabaki chini ya 1 hata waifai ikiwa imewashwa. Katika nyingine draiva wa zamani alikuwa bado yumo, tukabonyeza tu "Roll Back Driver", yaani kumrudisha wa kwanza. Kitufe hicho huwa kimefifia kama Windows haikumhifadhi wa zamani, basi mtu asivunjike moyo akikiona hivyo. Jambo moja la kuangalia ni kwamba Windows ikiunganishwa na intaneti huweza kukuletea tena draiva uliyemfukuza, kwa nia njema kabisa, kwa hiyo hatuna budi kurudi baada ya siku chache na kuangalia kama mgeni amerejea.

Na hapa nitasema wazi kitu kinachonikera. Kompyuta zetu zimefungwa waya za mtandao, kila moja na waya wake. Waifai haitumiki katika chumba kile. Tumeyavumilia haya yote kwa ajili ya chombo tusichokitumia!

Zilibaki 2. Katika moja, tundu la USB la mbele lilikuwa limepinda, na kipanya kilichochomekwa pale kilikuwa kinaingia na kutoka chenyewe mara kadhaa kwa dakika, na kila mara kompyuta hulia na kuanza kumtafutia draiva upya. Dawa yake ilikuwa kuchomeka kipanya nyuma. Ya pili diski yake inakufa kweli, inatoa mlio kama wa kokoto kwenye kopo, na hiyo sitaitetea. Inahitaji diski mpya, nayo si lazima iwe kompyuta mpya.

Mfano mkubwa kuliko yote niijuayo ya chombo kuila prosesa haukutokea katika chumba cha shule. Tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikuwa wakishuka mwezini katika safari ya Apollo 11. Kompyuta iliyowaongoza ilikuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu inayoweza kuandikwa na kufutwa, na maneno 36,864 yaliyofumwa katika nyaya yasiyobadilika. Wakiwa bado juu, alama ya hatari iliwaka na namba 1202 ikatokea, maana yake kompyuta imezidiwa na kazi. Ilitokea tena na tena, na mara moja ikaja 1201. Kilichokuwa kikiila kompyuta ni rada ambayo haikuhitajika katika kushuka, ile ya kutafutia chombo chao kingine kilichobaki kikizunguka mwezi. Umeme wa rada na umeme wa kompyuta ulikuwa wa kasi moja lakini haukwenda kwa hatua moja, kama vikosi viwili kwenye gwaride vinavyopiga mguu kwa kasi ileile, kimoja kikitanguliza wa kulia na kingine wa kushoto. Basi vifaa vya kupimia pembe za rada vikawa vinaipelekea kompyuta ishara za bure, maelfu kwa maelfu kila sekunde, na kila ishara ikaiba kipande kidogo cha wakati. Jumla ya wizi huo ilikuwa kama asilimia 13 hadi 15 ya wakati wote wa kompyuta, nayo haikuwa na akiba ya kiasi hicho.

Walioandika programu yake, katika maabara ya chuo cha MIT, walikuwa wameipangia namna ya kuzidiwa. Ilianza upya kwa kufumba na kufumbua, ikaziacha kazi ndogo, ikashika kazi ya kutua. Huko Houston aliyetakiwa kutoa neno, kuendelea au kurudi, alikuwa Steve Bales, kijana wa miaka 26, akisaidiwa na Jack Garman wa miaka 24. Hao ni umri wa kaka zetu. Garman alikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono yenye namba zote za hatari na maana zake, kwa sababu wiki chache kabla ya safari, katika mazoezi, namba ya namna hiyo ilitokea na safari ya mazoezi ikakatizwa bila sababu ya kutosha. Safari hii karatasi ilikuwa mezani. Walisema endeleeni, na chombo kikatua.

Naileta habari hii kwa sababu ya ile karatasi. Katika chumba chetu hakuna kitu cha namna hiyo. Kompyuta ikiugua, anayeitwa hajui iliugua lini, ilipewa dawa gani, na nani, wala ilikuwa na hali gani ilipokuwa nzima. Kila fundi huanza kana kwamba kompyuta imezaliwa leo, na njia rahisi kwake ni kufuta yote. Maoni yangu ni kwamba kila kompyuta iwe na ukurasa wake katika daftari moja, uandikwe mstari ule wa hodi husomeka kiasi gani wakati wa uzima, draiva zake ni za toleo gani, na kila badiliko liandikwe na tarehe na jina la aliyelifanya. Fundi yeyote atakayeitwa asifute kitu kabla hajaandika katika daftari alichokiona, na kabla kazi za wanafunzi hazijanakiliwa mahali pengine. Asiyetaka kuandika na asilipwe.

Najua yatakayosemwa kunipinga. Wengine watasema wanafunzi wasiguse mambo ya ndani ya kompyuta, watayaharibu. Mwalimu wetu alikuwapo muda wote, na kila tulichokizima chaweza kuwashwa tena kwa kubonyeza mara mbili. Mtu akilinganisha jambo hili na kufuta diski nzima, ataona nani aliyehatarisha zaidi. Tena twafundishwa katika maabara ya kemia kushika asidi; sioni kwa nini tusifundishwe kusoma safu moja ya namba. Kwa kweli ningependa somo hili liingie katika vipindi vyetu, kwa maana sasa twajifunza majina ya sehemu za kompyuta tukayakariri kama majina ya mito, na kompyuta ikiugua mbele yetu hatuna la kusema.

Wengine watasema kwamba Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta zetu zinatumia hiyo. Hili ni neno la kweli na lenye uzito, wala silipuuzi, hasa kwa kompyuta inayoingia katika intaneti. Lakini ni shauri jingine, lijadiliwe kwa jina lake. Tusiseme kompyuta ni nzito kwa uzee hali ni nzito kwa sababu ya draiva. Watu wamekwisha kudanganyika hivyo zamani. Katika Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, diski ikipatwa na makosa 6 ya kusoma au kuchelewa, mfumo uliishusha daraja: badala ya diski kumimina habari moja kwa moja katika kumbukumbu, prosesa ilitakiwa kuchota yenyewe ndoo kwa ndoo. Kompyuta iliyokuwa nyepesi jana ikawa nzito leo, na haikurudi katika hali yake hata makosa yalipokwisha. Dawa ilikuwa kuiondoa njia ile ya diski katika Device Manager na kuwasha upya. Sina shaka kwamba nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa zikiwa na ugonjwa huo tu.

Na wapo watakaosema kompyuta mpya ndiyo maendeleo. Kompyuta mpya nayo ina draiva. Itakuja na kadi ya waifai, na kamera, na sauti, na kila kimoja kina mkalimani wake, na fundi mwenye flashi bado yupo mjini. Tukinunua 9 leo bila ya kujifunza kupima, baada ya miaka miwili tutakuwa na 9 nyingine za kuuzia watu wa vyuma chakavu. Wakati huo huo tumesahau habari ya umeme. Prosesa inayoitikia hodi kutwa hula umeme zaidi ya iliyotulia, na umeme wa akiba ukipungua jioni, taa za masomo ya usiku ndizo huzimwa kwanza. Kila mkazi wa bweni anayajua hayo.

Fedha zikipatikana, ningeshauri inunuliwe diski moja kwa ile iliyokufa, na nyingine kubwa ya nje ya kuhifadhia kazi za wanafunzi, hasa za watahiniwa. Wenzetu wa Kidato cha Nne wameanza kazi zao upya, na baadhi yao huja chumbani saa kumi na moja alfajiri kabla ya usafi ili wawahi. Hawakuombwa radhi na mtu. Naona wanastahili kuombwa.

Kabla ya mkutano wa wazazi, nawaomba wajumbe wa Bodi ya Shule waje chumbani Jumamosi yoyote baada ya saa nne asubuhi. Mmoja wetu atakuwapo na ufunguo atakuwa nao mwalimu. Katika kompyuta zile 7 tumezitibu 6. Namba 4 tumeiacha na ugonjwa wake kwa makusudi, kwa ruhusa ya mwalimu. Waiguse kwanza kwa kiganja pale inapotolea hewa, kisha waiguse namba 5 iliyo kando yake.